Out of the Park Baseball 26: Programu Inayompima Meneja kwa Zamu za Warushaji Wake

Out of the Park Baseball 26, programu ya kompyuta iliyotoka Machi 2025, haimpi mnunuzi gongo la kupigia wala mpira wa kurusha. Inampa ofisi. Anayeinunua anakuwa meneja mkuu wa klabu ya besiboli, au meneja wa benchi, au vyote viwili kwa pamoja, na kazi yake ni kuamua nani acheze, nani alipwe, nani ashushwe ligi ndogo na nani apumzishwe. Ni programu kubwa mno, na tathmini inayotaka kuigusa yote huishia kuwa orodha ya vitufe. Kwa hiyo nimeamua kuipima kwa kazi moja ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo inayoonyesha kama mchezo wa usimamizi umeandikwa na watu wanaoujua mchezo wenyewe: kupanga zamu za warushaji wanaoanza mechi katika wiki tano au sita za mwanzo wa msimu.

Kwanza historia fupi, kwa sababu inaeleza mengi kuhusu tabia ya programu hii. Ilianzishwa mwaka 1999 na Markus Heinsohn, Mjerumani, na tangu 2020 imekuwa chini ya kampuni ya Com2uS ya Korea Kusini. Ina leseni rasmi ya Major League Baseball, ligi kuu ya Marekani, hivyo majina ya wachezaji na klabu ni ya kweli, ligi ndogo zimo, na mtumiaji akitaka kurudi nyuma anaweza kuanza na msimu wowote hadi ule wa 1871. Kwa miaka yote hiyo waandaaji wake wameendelea kuamini kwamba kuna watu wanaofurahia kufikiri kuliko kubonyeza haraka haraka, na imani hiyo inaonekana katika kila ukurasa wa toleo hili.

Msomaji ambaye hafuatilii besiboli kwa karibu anahitaji kujua jambo moja kabla hatujaendelea. Timu ya ligi kuu ya Marekani hucheza mechi 162 katika muda wa takriban miezi sita, karibu kila siku, na mrushaji anayeanza mechi hurusha kati ya mirusho 80 na 100 kwa usiku mmoja. Mkono wake hauwezi kurudia kazi hiyo kesho yake wala keshokutwa. Desturi ya sasa ni kumpa siku nne za kupumzika, na ndiyo maana timu hubeba warushaji watano wa kuanza, kila mmoja na zamu yake. Hadi miaka ya 1970 timu nyingi ziliridhika na wanne. Nchini Japani mrushaji wa kuanza hupanda kilimani, yaani kwenye kichuguu cha kurushia, mara moja kwa wiki, kwa hiyo huko sita ni jambo la kawaida. Hakuna nambari iliyoshuka kutoka mbinguni. Kila moja ni mapatano kati ya tamaa ya kushinda leo na hofu ya kumpoteza mtu kesho.

Mwanzo wa msimu huyavuruga mapatano hayo, na chanzo cha vurugu hiyo ni kalenda. Chukua timu inayofungua msimu Alhamisi ya mwisho wa Machi. Ijumaa haina mechi, kwa kuwa wapangaji wa ratiba huiacha wazi ili mvua au theluji ikiharibu ufunguzi pawe na mahali pa kuuhamishia. Kisha mechi zinachezwa Jumamosi hadi Jumanne, Jumatano ni mapumziko, na Alhamisi kazi inaendelea. Mrushaji wa kwanza akianza siku ya ufunguzi, wa pili Jumamosi, wa tatu Jumapili na wa nne Jumatatu, basi Jumanne yule wa kwanza atakuwa ameshamaliza siku zake nne na anaweza kurudi bila kuvunja desturi yoyote. Wa pili atarudi Alhamisi, wa tatu Ijumaa, wa nne Jumamosi, na wa kwanza tena Jumapili. Mrushaji wa tano hatahitajika mpaka Jumatatu, siku ya 12 ya msimu. Kwa mpango huo tegemeo la timu, yaani yule mrushaji wa kwanza, litakuwa limeanza mechi tatu ndani ya siku 11, ilhali kama zamu ingefuatwa bila kumruka mtu angekuwa ameanza mbili tu, ya pili ikiwa baada ya mapumziko ya siku sita.

Kishawishi ni kikubwa, wala si cha kijinga. Ushindi wa Aprili una uzito uleule na ushindi wa Septemba kwenye msimamo wa ligi, na kila meneja angependa kumwona mrushaji wake bora mara nyingi zaidi kuliko mrushaji wake wa tano. Lakini Aprili ni mwezi ambao mikono haijakomaa. Katika kambi ya kabla ya msimu warushaji hupanda ngazi polepole, awamu mbili kati ya tisa za mechi, kisha tatu, kisha nne, na wengi hufika siku ya ufunguzi wakiwa bado hawajazoea mzigo kamili. Juu ya hayo kuna baridi ya Chicago, Cleveland na Minneapolis, inayofanya vidole vishindwe kuushika mpira sawasawa. Na yule wa tano aliyerukwa naye ana shida yake, kwani anakaa siku 11 bila kazi ya maana, au anatumiwa kama mrushaji wa akiba kwa awamu moja hapa na pale, halafu siku ya 12 anatakiwa ghafla aibebe mechi nzima.

Hapo ndipo programu hii inapoanza kustahili pesa zake. Ukurasa wa warushaji unaonyesha, kwa kila mmoja, uwezo wake wa kustahimili mechi ndefu, idadi ya mirusho aliyorusha katika siku zilizopita, na uchovu alionao sasa. Mtumiaji huamua kwanza ukubwa wa zamu: wanne, watano, sita au zaidi. Kisha huchagua kanuni ya kuiendesha. Kanuni ya kwanza hufuata orodha kama ilivyoandikwa, kila mtu kwa nafasi yake. Ya pili humwanzisha yeyote aliye juu zaidi kwenye orodha ambaye tayari amepumzika vya kutosha. Tofauti ya kanuni hizi mbili haionekani mwezi Juni, wakati timu inapocheza karibu kila siku na mapumziko ni haba. Mwanzoni mwa Aprili, kwa kalenda kama ile niliyoieleza, tofauti hiyo ndiyo inayoamua msimu utakavyoanza.

Nilitengeneza nakala ya faili moja iliyohifadhiwa asubuhi ya siku ya ufunguzi, nikaupeleka msimu hadi mwisho wa Mei kwa kanuni ya kwanza, kisha nikairudia nakala ileile kwa kanuni ya pili, na zoezi hilo nimelirudia kwa klabu tofauti. Matokeo ya mechi hubadilika kila mara, kama inavyopaswa, kwa hiyo idadi ya ushindi haithibitishi lolote. Linalojirudia ni umbo la mwezi wenyewe. Chini ya kanuni ya pili tegemeo la timu huonekana kila mahali, mechi zake huwa ndefu, na warushaji wa akiba hupata nafuu katika siku anazoanza yeye. Mrushaji wa tano, kwa upande wake, hugeuka mgeni katika timu yake mwenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi ulikuwa wa kijana mmoja wa kubuni, mrushaji wa mkono wa kushoto mwenye umri wa miaka 22, aliyezalishwa na programu yenyewe katika moja ya misimu ya mbele. Alikuwa na mrusho mzuri wa kasi, mrusho wa polepole unaovutia, na udhibiti uliokuwa bado unakua. Chini ya kanuni ya kufuata orodha alianza mechi kila zamu yake ilipofika, akapigwa vibaya usiku mmoja, akatulia usiku mwingine, na kufikia katikati ya Mei ukurasa wake ulionyesha mchezaji aliyeridhika na nafasi yake. Chini ya kanuni ya pili, kijana yuleyule, katika faili ileile, alikuwa ameanza mechi chache tu, na katika sehemu ya hisia zake yalikuwapo malalamiko kuhusu jukumu alilopewa. Huyu ni mtu asiyekuwepo duniani, lakini nilijikuta nikiisoma sehemu ile kwa makini kama ninayesoma barua ya mchezaji halisi. Programu nyingi za usimamizi zingetosheka na namba ya uwezo wake. Hii inakumbuka pia kwamba mtu anayerukwa hujua kuwa amerukwa.

Kuna njia ya tatu, na hii ndiyo ninayoipenda zaidi: kuacha kanuni zote mbili pembeni na kupanga mwenyewe, siku kwa siku, nani anatarajiwa kuanza katika mechi zijazo. Programu inaruhusu. Inahitaji subira, kwani kila jeraha na kila mabadiliko ya kikosi humlazimu mtu kurudi kwenye kalenda na kuhesabu upya, lakini ni katika kuhesabu huko ndipo mtumiaji anapoelewa kazi halisi ya kocha wa warushaji. Unaanza kuona kwamba kumruka mrushaji wa tano mara moja, mwanzoni kabisa, kunaweza kuwa na faida. Kwamba kumruka mara mbili mfululizo ni kumwondoa kwenye timu bila kumwambia. Na kwamba siku ya mapumziko inaweza kutumiwa kumwongezea tegemeo siku ya tano ya kupumzika badala ya kumharakisha. Matumizi hayo ya mwisho ndiyo ambayo watu wengi wanaoanza kuitumia programu hii huyasahau.

Msimu halisi wa 2025 ulitoa mfano ambao kila mwenye programu hii anapaswa kuujaribu kwenye kompyuta yake. Los Angeles Dodgers walifungua msimu Tokyo tarehe 18 na 19 Machi dhidi ya Chicago Cubs, Yoshinobu Yamamoto akianza mechi ya kwanza na Roki Sasaki ya pili, wote wawili wakiwa wamezaliwa katika utamaduni wa kurusha mara moja kwa wiki. Kwenye karatasi walikuwa na warushaji wa kutosha kuzijaza timu mbili. Blake Snell alianza mechi mbili akaingia orodha ya majeruhi mwanzoni mwa Aprili, na hakurudi hadi Agosti. Tyler Glasnow alimfuata mwishoni mwa Aprili, akarudi Julai. Sasaki naye alitoka katikati ya Mei. Shohei Ohtani hakurusha katika mechi yoyote ya ligi hadi tarehe 16 Juni. Uongozi wa klabu na meneja Dave Roberts hawakumkamua Yamamoto ili kuziba mapengo hayo yote. Alianza mechi 30 katika msimu wa kawaida, nyingi zikiwa na mapumziko marefu kuliko siku nne za desturi. Ilipofika fainali dhidi ya Toronto Blue Jays, mtu huyohuyo alianza mechi ya sita tarehe 31 Oktoba, akarusha mirusho 96, na usiku uliofuata akaingia kama mrushaji wa akiba katika mechi ya saba na kuimaliza, timu yake ikishinda 5 kwa 4 katika awamu ya 11. Siwezi kudai kwamba mapumziko ya masika ndiyo yaliyoununua usiku ule wa Toronto. Ninachosema ni kwamba meneja aliyeshindwa kujizuia Aprili asingekuwa na haki ya kumwomba mtu jambo kama lile.

Mchukue Yamamoto kwenye programu hii, mweke katika zamu ya watano yenye ile kanuni ya pili, kisha mweke katika zamu ya sita, na ulinganishe mizigo yake kufikia Julai. Klabu ina nafasi 26 tu za wachezaji na hairuhusiwi kubeba warushaji zaidi ya 13, hivyo kila mrushaji wa kuanza anayeongezwa anamnyang'anya nafasi mrushaji mmoja wa akiba. Ukichagua sita, unabaki na saba wa akiba kwa ule usiku ambao mrushaji wa kuanza anatoka katika awamu ya tatu. Hakuna jibu lisilo na gharama, na sifa kubwa ya programu hii ni kwamba haifichi gharama hiyo.

Wapo wanaotaka kulikwepa tatizo la mrushaji wa tano kwa njia ya Tampa Bay Rays, waliomwanzisha Sergio Romo dhidi ya Los Angeles Angels tarehe 19 Mei 2018 kwa awamu moja tu, kisha wakamkabidhi mwingine mechi, na kesho yake wakamwanzisha Romo tena. Mbinu hiyo inaweza kutumiwa hapa pia. Inafanya kazi, ila inawala warushaji wa akiba haraka, na sioni sababu ya kuikimbilia Aprili.

Sasa upungufu, ambao katika suala hili hili ninalolipima si mdogo. Katika majaribio yangu yote sikuona dalili kwamba programu inahesabu kukomaa kwa mkono. Mrushaji wa kuanza anaingia siku ya ufunguzi akiwa na uwezo uleule wa kustahimili alionao Julai, na yule wa tano aliyekaa bila kazi siku 11 anapanda kilimani siku ya 12 kana kwamba hakukaa. Uchovu unapimwa kwa ustadi. Ukosefu wa mazoea hauonekani kupimwa. Kwa hiyo meneja asiyejali anaweza kumwacha tegemeo lake arushe mirusho 105 katika mechi ya kwanza ya msimu na asione adhabu inayolingana na ujasiri huo. Katika besiboli halisi Aprili ina historia ya kutisha. Mwaka 2024, ndani ya siku chache za mwanzo wa msimu, Spencer Strider wa Atlanta Braves alitoka baada ya kuanza mechi mbili, na Shane Bieber wa Cleveland Guardians akatoka baada ya mechi mbili pia, akiwa amemaliza awamu 12 bila kuruhusu hata pointi moja na kuwang'oa wapigaji 20. Wote wawili walifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Eury Pérez wa Miami Marlins hakuanza hata mechi moja mwaka huo. Ripoti ambayo ligi yenyewe iliitoa Desemba 2024 ilizitaja mbio za kutafuta kasi kubwa na kurusha kwa nguvu zote kama sehemu ya tatizo, na ikaonyesha jinsi majeraha yanavyojazana wakati wa kambi ya kabla ya msimu. Programu inayojivunia uhalisia inapaswa kuufanya mwezi huo uogopwe zaidi.

Dawa ipo, ila ni ya mtumiaji kujipikia mwenyewe. Kila mrushaji anaweza kuwekewa kikomo cha mirusho kwa mechi, na mimi huanza msimu kwa kikomo cha 80 kwa kila mtu, nikikipandisha kidogo baada ya kila zamu. Matokeo yake ni kwamba warushaji wa akiba wanafanya kazi zaidi Aprili, jambo linalofanana sana na ukweli, na uamuzi wa kumruka mrushaji wa tano unakuwa mgumu zaidi, kwa sababu kuwa na tegemeo linalotoka katika awamu ya tano si faida ileile ya kuwa naye mpaka ya saba.

Upungufu wa pili ni uwazi uliopitiliza. Meneja wa kweli humwangalia mrushaji anavyoshuka ngazi za benchi, anavyousugua mpira, anavyoshindwa kumtazama machoni anapoulizwa kama mkono uko sawa. Hapa uchovu ni takwimu kwenye safu ya jedwali. Programu ina ukungu wake: tathmini za uwezo hutegemea maskauti, ambao wanaweza kukosea, na kila mchezaji ana alama ya jumla inayoonyesha kama ni mwepesi wa kuumia au ni mgumu. Lakini uchovu wenyewe hauna ukungu, na mchezaji hamdanganyi meneja wake kamwe. Ningependa toleo lijalo liwaruhusu wachezaji kuficha maumivu, kama wanavyofanya wanadamu.

Kingine cha kuzingatia ni kanuni za ligi ndogo, ambazo zinaingiliana moja kwa moja na zamu za Aprili. Njia ya busara ya kumhudumia mrushaji wa tano asiyehitajika ni kumwacha arushe kwa ratiba katika timu ya ligi ndogo mpaka siku yake ifike. Katika ligi halisi, mrushaji aliyeshushwa kwa njia hiyo anatakiwa kukaa huko siku 15, isipokuwa anaitwa kuziba pengo la majeruhi, wakati kalenda niliyoieleza inamhitaji siku ya 12. Siku tatu hizo zimewasumbua mameneja wengi. Ninamshauri kila anayenunua programu hii aisome sehemu ya kanuni za kikosi kabla ya kuanza, kwa kuwa ndiyo inayobeba nusu ya kazi ya meneja mkuu.

Niseme pia neno kwa makocha, maana najua besiboli inachezwa Afrika Mashariki na vijana wanaojituma, na timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilifika Williamsport, Marekani, mwaka 2012 kushiriki mashindano ya dunia ya Little League. Programu hii ni ya watu wazima wanaolipwa. Vipimo vyake vya uchovu visitumiwe kupanga watoto. Little League ina kanuni zake, nazo ni rahisi kuzikumbuka: mtoto wa miaka 14 au chini ya hapo aliyerusha mirusho 66 au zaidi kwa siku moja hupumzika siku nne, aliyerusha 51 hadi 65 siku tatu, 36 hadi 50 siku mbili, na 21 hadi 35 siku moja, huku wa miaka 11 na 12 wakiwa na kikomo cha mirusho 85 kwa siku. Kocha mwenye warushaji wawili tu wa kutegemewa anaweza, hata hivyo, kuitumia programu hii kujizoesha namna ya kufikiri kwa kalenda badala ya kufikiri kwa mechi moja, na hilo ni zoezi zuri.

Kuhusu mambo ya kawaida ya ununuzi, bei yake kamili kwenye Steam, duka la michezo ya kompyuta la mtandaoni, ilikuwa dola 39.99 ilipotoka, na hushuka sana kadiri msimu halisi unavyosonga. Walioko Afrika Mashariki watahitaji kadi ya malipo ya kimataifa, na kadi za mtandaoni zinazounganishwa na akaunti ya pesa ya simu ni njia mojawapo. Hakuna Kiswahili ndani yake, na Kiingereza kinachotumika kimejaa vifupisho vya takwimu, hivyo mgeni wa besiboli atateseka wiki za kwanza. Haihitaji kompyuta ya kifahari, ingawa ukiwasha ligi nyingi za dunia kwa pamoja mashine dhaifu itachukua muda mrefu kuisogeza siku moja. Kuna sehemu ya kucheza mtandaoni kwa kukusanya kadi za wachezaji, iitwayo Perfect Team, ambayo inaweza kumtoa mtu pesa za ziada; haihusiani na ninachokipima hapa, na anayenunua kwa ajili ya kusimamia klabu anaweza kuiacha bila kupoteza chochote.

Ninaipendekeza kwa moyo wote kwa mtu anayependa kukaa na tatizo. Anayetafuta msisimko wa kupiga mpira uruke nje ya uwanja atafute kitu kingine, na anayetaka kuonja kwanza asubiri bei ishuke. Atakayeinunua leo, kabla ya kubonyeza siku ya ufunguzi, afanye mambo haya: achague kanuni ya kufuata orodha, aweke kikomo cha mirusho 80 kwa warushaji wote watano, afungue kalenda na kuzitia alama siku zote zisizo na mechi hadi mwisho wa Aprili, kisha aamue mapema ni ipi kati ya siku hizo atakayoitumia kumruka mrushaji wa tano, kama ipo. Vikomo vya mirusho anaweza kuviondoa katikati ya Mei.